Goti la Kapteni Ngurumo

Chumba chetu kiko juu ya duka la spea, Jinja.
Chini wanagonga gia boksi tangu asubuhi,
juu sisi tunamchora Kapteni Ngurumo,
mwokozi wa sayari, miaka hamsini na sita,
akivuta suruali ile ile ya kubana
ambayo mwaka huu imegoma kwenye kitambi.

Nangobi ndiye mwenye mkono. Ezati ndiye sauti:
huingia kabatini, tumelizibа kwa blanketi za jeshi,
hutoka akivuja jasho kama mtu aliyefufuliwa
na kuuliza kama soda ipo.
Maneno ni yangu. Ni Kiswahili, ndiyo,
kile cha kambini, cha kwata na foleni ya maharage,
ambacho mama yake Nangobi hadi leo
akikisikia usiku nje ya dirisha
huzima taa kwanza, ndipo auliza ni nani.

"Mna kazi gani na lugha ya watu wa bunduki?"
Tukamwonyesha Kapteni, kofia mkononi,
akimwomba mwenye nyumba wiki moja tu.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akasema, "Rudisheni nyuma. Hapo aliposema *tafadhali*."

Kila sehemu hufunguliwa na mghani mwenye koo la zege:

*Ngurumo simba wa vita,*
*mbingu zote zinamwita,*
*lakini ngazi kupita*
*yabidi apumzike.*

Adui yake ni Bwana Mavumbi. Anaishi ndani ya mwamba, Tororo,
ana mashine ya kuikaanga dunia upande mmoja
halafu kuigeuza.
Anabonyeza kitufe. Anacheka kile kicheko.
Giza.
Tokeni za Yaka zimekwisha.
Basi anampigia Kapteni, atampigia nani mwingine?
Miaka thelathini wamewindana, namba anaijua kwa kichwa.
Na Kapteni anamtumia elfu kumi
pamoja na ya kutolea.

Hapo ndipo baa nzima ya Walukuba hupiga meza.

Sisi tulikuwa watoto wa kambi. Jumamosi, televisheni ya mesi,
tulikaa sakafuni tukiwatazama wale wa zamani,
wenye kidevu cha tofali na meno yanayometa,
wakianguka kutoka magengeni na kujipangusa vumbi.
Hakuna aliyewahi kuchechemea.
Baba alirudi kutoka kaskazini mwaka ule.
Nikamuuliza, uliwapiga wangapi?
Akainuka, akaongeza sauti ya katuni,
akakaa tena. Kukaa kulimchukua muda.

Sikukusudia kumwandika. Nilikuwa natafuta kichekesho
cha sehemu ya tatu, Kapteni aruke ukuta ashindwe,
na mkono wangu wenyewe ukaandika: *anashika goti.*
Ezati akatoa mguno ule kabatini,
mguno mfupi, wa mtu asiyetaka asikike,
na hakuna aliyecheka, tukauacha hivyo hivyo.
Baa ilicheka. Wacheke, ndiyo kazi yetu.

Mwezi uliopita mzee alikuja mwenyewe.
Ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu nikiwa ndani,
sikutoka kumshika, angeudhika.
Tukampa kiti, roleksi kwenye gazeti, tukamwashia.
Alitazama kama anakagua gwaride.
Mavumbi alipopigwa na giza, bega lake lilitikisika kidogo.
Ukuta ukaja. Kapteni akaruka. Akashika.

Mzee akaifuta mikono mafuta, polepole, kidole kwa kidole.
"Mmekosea," akasema.
Nangobi akaweka kalamu chini.
"La kushoto. Ni la kushoto."

Hakuongeza neno. Aliomba chumvi.

Picha mia mbili na kumi, mguu wa kulia wote.
Nangobi amefuta tangu juzi, ananuna, ananitukana Kisoga,
umeme unakatika, unarudi, unakatika,
na kila ukirudi, pale kwenye kioo,
Kapteni Ngurumo ana mguu mmoja tu,
ananing'inia juu ya ukuta
akitusubiri.